TEKSI NYINGI, MAGARI YA WENGINE

Habari za watu waliotajirika ghafula husomwa kwa hamu katika kila nchi, na vijana wetu nao huzisoma. Si vibaya. Lakini habari ya tajiri yafaa isomwe kama daftari la duka: upande mmoja fedha zilizoingia, upande wa pili zilizotoka, tena zimetoka katika mfuko wa nani. Leo twataka kuisoma kwa namna hiyo habari ya Travis Kalanick, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Uber, iwakutanishayo abiria na madereva kwa njia ya simu.

Hatuna budi kwanza kumpa haki yake. Bwana huyu, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1976, hakurithi kampuni. Aliacha chuo kikuu akajiunga na vijana wenziwe katika kampuni ya Scour, nayo ikafilisika mwaka 2000 baada ya kushtakiwa na makampuni ya filamu na muziki. Akaanza nyingine, Red Swoosh, akaiuza mwaka 2007 kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2009 Garrett Camp alipokuwa na wazo la kuita gari kwa simu, Kalanick aliungana naye mjini San Francisco, na magari ya kwanza yakaanza kazi mwaka 2010. Ustahimilivu huo si haba. Tena abiria alifaidika kweli: alijua nauli na jina la dereva kabla hajaingia garini.

Lakini siri ya kazi hiyo ilikuwa nini? Kampuni ikawa na teksi nyingi, ambazo kwa kawaida haikuzinunua yenyewe. Gari ni la dereva, au la mwenye gari anayemlipa dereva hesabu. Petroli ni yake, matairi ni yake, bima ni yake, na deni la benki ni lake. Kampuni ilishika kitu kimoja tu, nacho ndicho kikubwa kupita vyote: kupanga bei. Dereva aliitwa mshirika, lakini hatujapata kusikia ushirika ambao mmoja hupanga nauli na kukata fungu lake, na mwenziwe hupashwa habari tu.

Fedha za wenye mitaji zilitumika kupunguza nauli ili abiria wazoee na washindani washindwe. Abiria walipozoea, na madereva walipokwisha kukopa magari, nauli ilishuka, lakini deni la gari halikushuka. Mwezi Februari mwaka 2017 dunia iliona picha za Kalanick akiwa amepakiwa na dereva wa kampuni yake mwenyewe. Dereva alimlalamikia kwamba kupunguzwa kwa nauli kumemfilisi. Tajiri akamjibu kwa ukali kuwa wako watu wasiopenda kubeba lawama za makosa yao. Baadaye aliomba radhi, lakini jibu lilikwisha kutoka.

Mwaka huo huo mhandisi mmoja mwanamke alieleza hadharani jinsi wanawake walivyoonewa katika ofisi za kampuni. Mwezi Machi ikafichuliwa programu ya siri iliyowatambua maofisa wa serikali na kuwaonyesha magari yasiyokuwapo, ili wasiweze kuwakamata madereva. Mwezi Juni wenye hisa wakamlazimisha kujiuzulu. Mei 2019 hisa za kampuni zikauzwa sokoni, thamani yake ikiwa dola bilioni 82 hivi, na siku chache kabla ya hapo madereva wa miji kadhaa waligoma. Kufika mwisho wa mwaka Kalanick alikuwa amekwisha kuuza hisa zake kwa zaidi ya dola bilioni 2.5.

Wako wasemao kwamba ubaya wote ulikuwa wa mtu mmoja, naye amekwisha kuondoka. Sisi hatukubali. Nahodha alibadilishwa, lakini jahazi lilifuata njia ile ile. Kilichobadilisha mambo Uingereza hakikuwa moyo mwema wa mkurugenzi mpya. Madereva wachache walikwenda kortini mwaka 2016, wakashikilia kesi yao mpaka Februari 2021, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kuwa wao ni wafanyakazi, kwa kuwa kampuni ndiyo ipangayo nauli na masharti. Ndipo walipopata kima cha chini cha mshahara na malipo ya likizo.

Jambo hili limetufikia hata sisi. Hapa Tanzania, mwaka 2022, LATRA iliagiza makato yasizidi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake mwezi Aprili, ikarejea Januari 2023 baada ya makato kuruhusiwa kufika asilimia 25. Kenya nayo iliweka kikomo cha asilimia 18 mwaka 2022, na bado madereva wa Nairobi waligoma Julai 2024 kwa sababu ya nauli duni. Mafunzo ni dhahiri. Sheria peke yake ni fimbo isiyo na mkono wa kuishika, na mkono huo ni umoja wa madereva wenyewe.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu madereva: msingoje tajiri mwema. Jiungeni, wekeni hesabu ya petroli, matengenezo na deni la kila mwezi, mwende nayo mezani. Na wakuu wa usafirishaji twawaomba wasipange nauli kabla hawajaisoma hesabu hiyo. Hatupingi akili mpya wala chombo kipya. Tunachotaka ni kwamba aliye nyuma ya usukani usiku kucha naye awe na neno katika bei ya jasho lake.