Konda Hasemi Hivyo

Miaka michache iliyopita nilipeleka hadithi fupi kwa mhariri mmoja. Ndani yake konda wa daladala anamwambia mama mwenye ndoo ya samaki: "Mama, sogea nyuma, kweupe huko." Hadithi iliporudi, konda wangu alikuwa ameshasomeshwa: "Mama, tafadhali sogea upande wa nyuma kwa kuwa kuna nafasi ya kutosha." Nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana nilipoendelea kusoma niliona wahusika wangu wengine wote walikuwa wanaongea vilevile, na hao hawakuguswa na mhariri. Niliwaharibu mwenyewe.

Kwa hiyo sisemi haya nikiwa pembeni. Nami nimo. Lakini lazima yasemwe: mazungumzo katika hadithi zetu nyingi yamekufa. Bibi wa miaka 80, kijana wa kijiweni, daktari na mtoto wa darasa la pili, wote wanaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Funika majina yao kwa kidole, hutajua nani kasema nini.

Tuliyatoa wapi? Shuleni. Mazungumzo tulifundishwa kama zoezi la sarufi: geuza kauli halisi iwe kauli taarifa, "leo" iwe "siku ile", usisahau alama za kufungua na kufunga. Hakuna aliyetuuliza huyu anayesema anataka nini, na kwa nini hakisemi anachokitaka. Tukapata maksi zetu, tukatoka tukijua kufungua na kufunga usemi bila kujua kusikiliza.

Chukua jambo dogo tu. Mwanamke anakwenda kwa jirani kukopa pesa. Kishule inaandikwa hivi:

"Nimekuja kukuomba unikopeshe shilingi elfu ishirini kwa sababu mwanangu ni mgonjwa na mume wangu hatumi matumizi."

Habari imefika, ila mtu hayupo. Sasa sikiliza uani kwenu:

"Hodi."
"Karibu, Mama Asha. Watoto hawajambo?"
"Hawajambo, dada. Huyu mdogo tu kalala na joto."
"Pole. Na Baba Asha?"
"Yupo. Safari zake zilezile."
"Kaa basi, unywe chai."
"Hapana, nimepita tu."

Kasema amepita tu, na bado kasimama mlangoni. Pesa haijatajwa, lakini msomaji yeyote aliyekulia kwetu ameshajua kilichomleta, ameshajua mume yukoje, na anasubiri kuona kama mwenye nyumba atajifanya haelewi. Hiyo ndiyo hadithi. Imebebwa na salamu, zile salamu ambazo washauri wa uandishi wanatwambia tuzikate eti zinapoteza nafasi. Waswahili tunagombana ndani ya salamu! Kijana akipita bila kumwamkia mzee, mtaa mzima unajua kuna jambo. Mwanamke anavaa kanga yenye maneno, anapita mara mbili mbele ya nyumba ya mwenzie, na hajafungua mdomo. Watu wa mafumbo namna hii, tunawezaje kuandika wahusika wanaotoa maelezo kamili kama wako polisi?

Najua jibu litakalokuja: lugha itaharibika, watoto wataiga, fasihi ilinde Kiswahili sanifu. Nami nauliza, hicho sanifu kilitoka wapi? Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijenga juu ya Kiunguja, yaani juu ya vinywa vya watu wa mjini Unguja. Kilikuwa maongezi kabla hakijawa kanuni. Na Shafi Adam Shafi, Mzanzibari, riwaya yake ya mwaka 1999 aliiita Vuta N'kuvute. Hakuandika "Nikuvute". Ipitishe kwa mhariri wangu uone kama herufi ile haitarudishwa. Msimulizi na ashike usanifu wake, sina ugomvi naye. Mhusika aachiwe mdomo wake.

Lakini wapo walioruka mkojo wakakanyaga mavi. Hawa humwaga misimu ya mjini katika kila kinywa, na mwaka ukigeuka nusu ya maneno hayana anayeyajua. Na wapo wabaya zaidi: bosi wa hadithi anaongea sanifu safi, ila mlinzi, dada wa kazi na mgeni kutoka bara wanapewa lugha ya kuvunjikavunjika, "r" na "l" zikibadilishwa ili tucheke. Hapo suala si ufundi tena. Ni kuamua nani ana akili na nani ni kichekesho, na kuamua huko tunakufanya kwa tahajia. Mlinzi ana mambo anayoyaficha kama bosi, na pengine anayaficha vizuri zaidi, maana kazi yake inategemea hilo.

Ushauri wangu hauna siri. Kabla hujaandika neno la mhusika, jiulize anaongea na nani, ana deni gani kwake, na neno gani hawezi kulitamka mbele yake. Ukishajua, utaona hata "haya" na "mh" zinatosha. Usipojua, hata methali kumi hazitakuokoa.

Hadithi ile nimeiandika upya. Konda nimemrudishia mdomo wake. Na yule mama, ambaye mwanzoni alisogea kimya kama mzigo, kwa kuwa sikuwa nimemfikiria kabisa, sasa anaweka ndoo chini, anamtazama konda, anajibu: "Nisogee wapi mwanangu, nikupande mabegani?"

Safari hii mhariri akiligusa hilo, nachukua hadithi yangu naondoka.