Neno "old" peke yake halitoshi

Wiki hii katika kona yetu ya masomo tunawasaidia watoto wa sekondari wanaojifunza Kiingereza. Wakiombwa waeleze kitu kilichodumu miaka mingi, wengi wanaandika "old" na kufunga daftari. Katika Kiswahili hatufanyi hivyo. Bibi ni mzee, kiatu ni kikuukuu, mila ni za kale. Nani atamwita bibi yake mkuukuu? Kiingereza nacho kina maneno mengi, na kila neno lina mahali pake.

Tuanze na watu. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, neno la heshima ni "elderly". Lakini "old friend" si lazima awe rafiki mzee. Ni rafiki wa siku nyingi, hata kama ana miaka 20 tu.

Kitu kilichochakaa, kama kikwembe kilichopauka na kutoboka, ni "worn-out". Kitu kigumu kinachovumilia kazi ni "durable". Sufuria nzito uliyonunua jana sokoni inaweza kuitwa "durable" ingawa ni mpya. Na si kila kitu cha zamani ni "durable". Njia ya reli ya Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, ilimalizika mwaka 1906. Hiyo ni "old" bila shaka. Lakini aliyewahi kungoja treni upande wa Lubunga atafikiri kwanza kabla ya kuandika "durable".

Neno "ancient" tusilitumie ovyo. Ni la mambo ya mamia au maelfu ya miaka, kama piramidi za Misri. Kituo cha wakoloni kilianzishwa hapa kwetu mwaka 1883, na jina la Stanleyville likabaki mpaka 1966. Kwa mji huo "old" inatosha.

Sasa tuwatazame wavuvi Wagenia kwenye maporomoko. Miti wanayosimamisha ndani ya maji inaoza au inachukuliwa na mto, nao wanaweka mingine. Vikapu pia vinasukwa upya. Basi mti unaweza kuwa "new", lakini ufundi ambao wazee wamewarithisha watoto ni "age-old". Neno hilo linafaa kwa mila na desturi.

Na vikundi vyetu je? Mgeni akija kutembelea likelemba yenu, kijana akamtafsiria kwamba ni "old", mgeni anaweza kufikiri ni kitu kilichopitwa na wakati. Aseme "long-standing", yaani imeanza siku nyingi na ingali imesimama. Wamama waliolipana kwa zamu miaka yote hii bila kuvunja kikundi wanastahili neno hilo.

Mama ambaye hakusoma Kiingereza asiogope kusaidia. Muulize mtoto kwa Kiswahili: miaka imekifanya nini kitu hiki? Imekichakaza? Imekithibitisha kuwa kigumu? Imekiongezea heshima? Akijibu vizuri, neno la Kiingereza atalipata kwa urahisi.

Kazi ya wiki: mtoto achague vitu vitatu vya zamani nyumbani, aandike sentensi tatu, na neno "old" litokee mara moja tu. Halafu akusomee na kukueleza kwa nini amechagua kila neno.