Mahali Ulipo Ni Siri Yako

Mkazi wa Mbagala aitaye bodaboda kwa simu huionyesha programu mahali alipo kwa hiari yake, na akishafika aweza kuizima. Mnara wa simu hauzimwi na mteja. Maadamu laini iko hewani, kampuni yajua kama umelala Temeke au Kinondoni.

Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyotolewa mbele ya baraza la migogoro ya kazi jijini London: kwamba kampuni ya Tigo iliipa Serikali taarifa za mahali zilipo simu za Tundu Lissu, wiki chache kabla hajapigwa risasi Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017.

Ibara ya 16 ya Katiba yatambua faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata hivyo, naamini ngao ya kweli ni hakimu. Polisi wana wajibu wa kumsaka mhalifu; basi ombi lao lipite mahakamani kwanza, kampuni isitoe taarifa bila amri hiyo, na mwenye laini ajulishwe uchunguzi ukiisha.

Mtumishi wa umma usomaye haya, nawe una simu mfukoni.