TUTUNZE MASHINE ZETU: Mpira wa Maji si Mpira wa Oili



Kila mwaka mwezi wa Agosti, wakulima wa Dodoma na Singida hukutana Nzuguni. Hapo ndipo vilipo viwanja vya Nanenane vya Kanda ya Kati. Matrekta mengi huonyeshwa hapo. Hupendeza kuyatazama. Lakini trekta likifika kijijini, kazi ya kulitunza ni yetu wenyewe.

Agosti ni kiangazi. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba. Tuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Trekta likikwama wakati wa kulima, mtama na alizeti huchelewa kupandwa. Hakuna mvua za pili za kusubiri. Basi tulikague trekta wakati wa kiangazi.

Leo tuitazame mipira ya oili. Injini ikifanya kazi, oili hupata moto sana. Baadhi ya matrekta yana kipoza oili. Kifaa hiki hufanana na rejeta ndogo. Mpira mmoja hupeleka oili ya moto kwenye kipoza. Mpira wa pili huirudisha ikiwa imepoa. Pampu huisukuma oili hiyo kwa nguvu. Mpira ukipasuka, oili humwagika upesi. Vyuma husagana vikavu, na injini hunoki. Bei ya mpira ni ndogo. Bei ya injini ni kubwa.

Unaponunua mpira, fanya hivi:

1. Nenda dukani na mpira wa zamani. Pima urefu wake na upana wa tundu la ndani. Tundu likiwa dogo mno, oili haipiti vizuri.

2. Usinunue mpira wa rejeta. Huo ni wa maji. Oili huuvimbisha na kuulainisha, kisha hupasuka. Taka mpira wa oili, wenye nyuzi au waya ndani yake. Soma maandishi yaliyo ubavuni. Hueleza upana wa mpira na msukumo unaoweza kuuhimili. Wewe unajua kusoma, usikubali kuambiwa tu.

3. Chunguza nati. Nyingine zimepimwa kwa inchi, nyingine kwa milimita. Kwa macho zinafanana, lakini meno yake hayalingani. Anza kuifunga kwa mkono. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana.

4. Usifunge ncha za mpira kwa waya wala kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ncha hizo zibanwe kwa mashine.

Wakati wa kufunga, zima injini na uiache ipoe. Tumia spana mbili. Moja ishikilie, nyingine ikaze. Hivyo mpira hautajisokota. Usiuache uguse ekzosi. Usiuvute ukakaza kama kamba, maana injini hutikisika.

Jaza oili, kisha washa injini. Taa ya oili isipozimika mara moja, zima injini haraka. Kama unataka kujua panapovuja, tumia kipande cha boksi. Usipapase kwa mkono, kwani oili ya moto huunguza.

MASWALI

1. Kwa nini mpira wa rejeta haufai kupitisha oili?
2. Nati ikikataa kuingia kwa mkono, utafanya nini?
3. Trekta la kijijini kwenu lilikaguliwa lini?