MBU HANGOJI HATI YA MALIPO



Huenda baadhi yenu mtauliza: sisi wa Singida, tukaao karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka baharini, tuna haja gani na mbu wa Dar es Salaam? Jawabu letu ni kwamba tunayo haja kubwa, tena kwa sababu mbili. Kwanza, karani ni mtu wa uhamisho. Leo yu Manyoni au Iramba, kesho yafika barua ya kumtaka aripoti pwani, yeye na jamaa yake. Na mtoto aliyekulia penye malaria haba hana kinga mwilini kama mwenziwe aliyeizoea. Pili, habari ya mbu wa mji ule, ukiichungua vema, si habari ya waganga peke yao. Ni habari ya daftari, ramani, zamu na hati ya malipo, nayo hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Dar es Salaam imepigana na mbu kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu; na haikupita miaka mingi Wadachi waliotawala pwani yetu wakaanza kupima damu za watu wa mji na kuwapa kwinini. Baada yao Waingereza walichimba mifereji na kumwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama. Kisha, tangu mwaka 1988 hadi 1996, Wajapani walisaidia kazi hii katika Dar es Salaam na Tanga. Kila zamu ilianza kwa bidii, na kila zamu ilikuwa na siku yake ya kulegea. Wanadamu walikwenda likizo. Mbu hawana likizo.

Mpango wa Jiji ulioanza mwaka 2004 katika kata 15 ulikuwa na jambo la kutufundisha. Wenye mpango walikwenda kwa wajumbe wa nyumba kumi, wakachora ramani ya kila mtaa, kiwanja kwa kiwanja, wakaandika kila dimbwi, kila mfereji na kila shimo lenye maji. Wenyeji wa mitaa wakapewa kazi ya kuyazungukia maji hayo na kuandika kama yana viluwiluwi. Mwaka 2006 dawa ikaanza kutiwa katika kata tatu za kwanza, ndizo Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Dawa yenyewe ni vijidudu vidogo sana ambavyo huua viluwiluwi vya mbu, wala havimdhuru mtu, kuku wala samaki. Watafiti walipopima damu za watoto, waliona kwamba katika kata zilizotiwa dawa malaria ilikuwa imepungua kuliko katika kata ambazo hazijafikiwa.

Sasa tazameni siri ya kazi ile. Katika joto la pwani, yai la mbu huweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa muda wa juma moja hadi mawili. Dawa nayo haidumu sana katika maji ya wazi. Kwa hiyo ilibidi maji hayo yatembelewe kila juma bila kukosa. Atakayesema, "Juma hili tumepumzika, juma lijalo tutatia maradufu," amewapa mbu nafasi ya kulea kizazi kizima. Ndiyo maana twasema kwamba silaha ya kwanza ya vita hivi ni daftari lililojazwa kwa siku yake, na dawa ni ya pili.

Lipo na jambo jingine, nalo latugusa sisi tuliojaliwa kuwa na nyumba zenye ua. Wakaguzi walipofuata nyuma ya watu wa zamu, waliona maji mengi yaliyopitwa, hasa katika viwanja vilivyozungushiwa ua. Mtu wa zamu alibisha hodi, hakufunguliwa, akaenda zake. Je, si aibu kwamba mtu asomaye na kuandika ndiye amfugiaye jirani yake mbu nyuma ya lango lililofungwa?

Wengine husema, "Chandarua chatosha." Chandarua ni kitu chema, wala asiwepo wa kukiacha. Lakini humlinda aliyelala tu. Homa ya dengu iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, huletwa na mbu aumaye mchana, hata ofisini mezani pako; naye huzaliwa katika pipa, kopo na gurudumu bovu lililojaa maji ya mvua.

Dawa ya viluwiluwi sasa hutengenezwa hapa nchini, katika kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ufundi wa Cuba. Juni 2017 marehemu Rais John Magufuli alikizuru, akaagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Lakini agizo halitembei kwa miguu yake. Bwana Afya huandika ombi. Ombi huingia masjala. Hutoka masjala kwenda kwa mhasibu. Kwa mhasibu huenda kwa wanunuzi. Jalada likilala juma moja kwa kila meza, hesabuni wenyewe vizazi vya mbu vilivyopita. Hatusemi kwamba fedha za umma zitolewe bila kukaguliwa, la hasha. Mhasibu mwaminifu ni ngao ya wananchi. Twasema kwamba ukaguzi ufanywe mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mvua zetu za Singida huanza Novemba au Desemba. Katikati ipo miezi minne. Mwenye kutaka anayo nafasi.

Wala tusijidanganye kwamba malaria haba ni malaria iliyokwisha. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, wanane walikuwa na malaria. Lakini Tabora, jirani yetu wa magharibi, walikuwa 23. Watu na magari hupita kati yetu kila siku, na mashimo tuliyochimba udongo wa matofali yamo nyuma ya nyumba zetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo twawasihi wanachama mambo matatu. Kila Jumamosi mtu azunguke kiwanja chake, amwage maji ya makopo na kufukia mashimo. Mtu wa afya abishapo hodi, afunguliwe lango na kuonyeshwa kila mahali. Na jalada la mbu lifikapo mezani, lisilale hapo, bali liondoke siku ile ile. Mabwana na Mabibi, hatukupewa sindano wala darubini, tumepewa kalamu. Mtoto wa mwenzetu aliyehamishiwa pwani, na mtoto wa mkulima asiyejua jina letu, wote wawili wangojea tuitumie kwa wakati wake.