Sio virusi, ni kadi uliyouziwa

Wadau, kuna uongo mmoja hapa mjini nimeuchoka. Kijana ana studio yake ndogo ya kuhariri video za harusi, iwe Mwananyamala au Tandika. Programu inamgandia kila akigusa rangi au akianza kutoa kazi. Anapakia sipiyu kwenye bodaboda mpaka kwa fundi. Fundi anaiwasha, anatikisa kichwa, anatoa hukumu: "Hii ina virusi, tupige Windows upya." Hela inalipwa, Windows inapigwa, na usiku programu inaganda palepale. Wakati huo advansi ya bwana harusi imeshaliwa na ndugu wa bibi harusi wanapiga simu.

Siwasemi mafundi wote. Wapo wanaojua kazi yao na nawavulia kofia. Nawasema wale wenye dawa moja kwa kila ugonjwa, pamoja na wauzaji wa Kariakoo wanaouza kadi ya grafiki kama mchele. Unataka ngapi? Chukua hii, GB 4! Basi, maelezo yameisha.

Hivi GB 4 za nini? Chukulia GeForce GT 730 ya NVIDIA, iliyotoka 2014. Jina ni moja, lakini baadhi ndani yake ni ukoo wa Fermi na nyingine ni Kepler. Nyingine zina memori ya DDR3, ambayo ni ya polepole, nyingine GDDR5. NVIDIA iliacha kuwatolea Fermi draiva mpya za kawaida mwaka 2018, na Kepler ikafuata 2021. Sasa DaVinci Resolve, ambayo vijana wengi tumeikimbilia kwa sababu toleo lake la bure ni la kazi kweli, inaibebesha kadi mzigo mkubwa, na matoleo yake mapya yanadai draiva za karibuni. Draiva hiyo kwa kadi yako haipo. Piga Windows mara kumi, haitazaliwa.

Ugomvi huu wala sio mpya. Mwaka 2010 Adobe walitoa Premiere Pro CS5 ikiwa na orodha fupi ya kadi za NVIDIA ilizozikubali, na orodha yenyewe ilikuwa kwenye faili dogo la maandishi. Watu walilifungua kwa Notepad, wakaongeza jina la kadi yao, na kama ilikuwa na memori ya kutosha ikakubaliwa. Hakuna aliyefomati kitu. Walisoma tu, jambo ambalo sisi tunaliona adhabu.

Halafu kuna wizi wa mchana kweupe. Kadi kongwe kama GTS 450 hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Zilisambaa duniani kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua. Ni ndogo, inakaa kwenye fleshi. Nenda nayo dukani. Muuzaji asipotaka kadi ichomekwe na kupimwa mbele yako, rudisha hela mfukoni.

Najua watakaosema wateja wenyewe wanapenda rahisi. Sawa, kipato chetu kinajulikana. Lakini mbona mteja huyo haambiwi kuhusu proksi? Unatengeneza nakala nyepesi za video zako, unahariri hizo, na mwisho programu inarudisha zile halisi. Ni bure. Labda ndiyo sababu haisemwi. Mbona haambiwi kwamba ile OptiPlex nyembamba aliyonunua ikiwa imetumika inapokea kadi fupi tu, na pawasaplai yake ya wati 240 hivi haina waya wa kulishia kadi kubwa? Mwenye laptopu yenye kadi mbili je, nani alimwonyesha kwamba kwenye mipangilio ya Windows anaweza kuiamuru programu itumie ile yenye nguvu? Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na kuna wanaolipishwa kwayo bei ya kupiga Windows.

Fundi wa kweli anaanza na Device Manager. Anasoma jina la kadi, anaangalia draiva ni ya lini, anaifuta kabisa ile ya zamani, ndipo anaweka mpya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, sio kutoka kwenye CD ya miaka hiyo.

Na serikali nayo isijifiche. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Kadi inayodanganya jina lake ni bandia kama nyingine yoyote. Kwa hiyo ukinunua, dai risiti ya EFD iandikwe jina zima la kadi na aina ya memori, sio "kadi 1". Siku ukienda FCC, hicho ndicho utakachokuwa nacho mkononi.