Tuache Kumpima Mtu kwa Mtaa Wake

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Jijini Nairobi, hata hivyo, jina la mtu halitoshi. Sharti aseme pia anaishi mtaa gani. Akitaja Runda, atavutiwa kiti. Akitaja Korogocho, wapo watakaoukumbatia mkoba.

Muhula uliopita niliwataka wanafunzi wangu wa isimujamii wachore ramani ya Nairobi bila kutazama kitabu. Waliolelewa Eastlands walichora Jogoo Road, soko la Gikomba na hata vichochoro vya Kaloleni na Makongeni. Upande wa magharibi waliuacha mweupe, wakaandika "matajiri". Waliolelewa Karen na Lavington nao walijaza upande wao barabara na maduka, kisha mashariki yote wakaifunika kwa neno moja: "mabanda". Hawa ni wananchi wa jiji moja, lakini kila mmoja ana nusu tu ya jiji hilo kichwani.

Mmoja wao alinikiri kwamba akiulizwa kwao, hujibu, "Karibu na Muthaiga." Hasemi uongo, maana anaishi Mathare, ng'ambo ya barabara ya Thika. Aliwahi kutaja Mathare alipokuwa akitafuta kibarua, akaona uso wa mwajiri ukibadilika. Tangu siku hiyo mtaa wake umekuwa siri. Kijana anayelazimika kuficha mlango wa mama yake ameibiwa kitu ambacho shahada haiwezi kumrudishia.

Mgawanyo huu haukushuka kutoka mbinguni. Reli ilipofika mwaka wa 1899 mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, mji ulianza kukua, na wakoloni wakaugawa kwa rangi. Wazungu walijitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, rangi ilikuwa ikiipisha pesa. Mipaka ilibaki pale pale, na dharau ikabaki pamoja nayo.

Dharau hiyo inaishi katika lugha yetu. Huko Lamu, Mkomani ni mtaa na Langoni ni mtaa. Neno lenyewe halimpandishi mtu wala kumshusha. Lakini sikilizeni tunavyosema Nairobi: fulani "anaishi" Lavington, ilhali fulani "anatoka" Kibera, kana kwamba Kibera si mahali pa kuishi bali pa kukimbiwa.

Nasi walimu hatuna budi kujisaili. Mara ngapi tumesoma insha ambamo mtaa wa mabanda lazima unuke uvundo na kujaa majambazi, na mtaa wa kifahari lazima uwe na maua na mazulia? La kusikitisha ni kwamba hata mwanafunzi aishiye Kibera huandika hivyo hivyo, kwa sababu amejifunza kwamba hayo ndiyo maelezo yanayompatia alama. Tunamfunza msamiati wa kujidharau, kisha tunautia alama ya vyema kwa kalamu nyekundu.

Sisemi kwamba tufumbe macho. Maji taka yapo, moto huteketeza nyumba, na vijana hupotelea katika uhalifu. Hayo yanadai serikali iwajibike, wala hayatibiwi kwa maneno matamu. Lakini kueleza shida za mtaa ni jambo moja, na kumhukumu mkazi wake ni jambo jingine kabisa.

Napendekeza tuanze na majina. Mwanafunzi wa Kibera aambiwe kwamba jina hilo latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ambamo wanajeshi Wanubi walipewa mahali pa kukaa. Wa Kariokor ajue kwamba mtaa wake umebeba kumbukumbu ya Carrier Corps, wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wa Shauri Moyo asikie habari za watu waliohamishwa Pangani ya zamani kijiji chao kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Kisha kila mmoja aandike insha juu ya mtaa wake kama aujuavyo: nani huamka wa kwanza, nani humkopesha jirani unga, maji huchotwa wapi.

Insha ya namna hiyo itakuwa na Kiswahili hai kuliko uvundo na mazulia ya kukariri. Na huenda siku moja yule kijana wangu akiulizwa anakoishi, atajibu kwa sauti kamili: "Mathare."